Premio inadondosha oili nyekundu kwenye shafti: usikubali kushusha gia boksi kwanza

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Morogoro, nalifupisha: "Shikamoo fundi. Nina Toyota Premio ya 2004, injini 1NZ, otomatiki. Wiki ya tatu hii nikipaki nyumbani naona doa jekundu chini, mbele upande wa kushoto, pale shafti ya tairi inapoingia kwenye gia boksi. Fundi wa kwanza kasema shafti imekufa ninunue nyingine. Wa pili kasema gia boksi ishushwe. Gari inatembea vizuri tu. Mwisho wa mwezi nataka kwenda Iringa na watoto. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Umefanya la maana kuuliza kabla hujatoa hela, maana hao mafundi wako wawili wamekutajia spea ya kununua na kazi ya kufanya ila hakuna hata mmoja aliyekuambia oili inaanzia wapi. Na hapo ndo penye kesi yote. Mara nyingi oili haivujii pale unapoiona. Inatoka juu, inateremka kwa uzito wake, ukiendesha upepo unaisukuma kurudi nyuma, alafu ikigusa shafti inayozunguka inarushwa kila kona, kwahiyo ukija kuchungulia chini baada ya wiki tatu unakuta eneo zima limelowa na shafti ipo katikati, basi shafti ndo inapewa lawama. Mi nimeshaona watu wamebadilisha sili (ile raba ya duara inayozuia oili isitoke pembeni ya shafti), wamebadilisha shafti, kumbe mpira wa oili unaokwenda kwenye rejeta ulikuwa umelegea klipu huko juu.

Kitu cha kwanza kabisa, kabla hata ya kuingia chini, ni kujua hiyo nyekundu ni nini. Chukua boksi safi, lile la kufungashia vitu dukani, lifungue, lilaze chini ya gari usiku ukishapaki, weka alama tairi la mbele lilipo ili ujue tone limedondokea wapi. Asubuhi angalia. Oili ya gia boksi otomatiki, ambayo mafundi wengi huku wanaiita haidroliki, ikiwa bado nzuri ni nyekundu, nyepesi kuliko oili ya injini, ukiisugua kwa vidole inateleza na kwenye boksi inasambaa taratibu na haikauki. Ikiwa imechoka inakuwa kahawia na ina harufu ya kuungua, kama karanga zilizosahaulika jikoni. Sasa angalia hapa, kulanti ya Toyota, ile ya kupoza injini, nayo ni nyekundu au ya pinki, na hii imewapoteza wengi sana. Ila kulanti ni majimaji, haina utelezi wa mafuta, na ikikauka inaacha unga unga au ukoko wa pinki. Ukiona tone jeusi zito linalong'ang'ania kama lami basi hiyo sio oili, ni grisi ya jointi, raba ya jointi imechanika, na hiyo utaijua kwa sababu inarushwa kwa duara, utakuta imepaka ndani ya rimu na kwenye chuma za karibu kama mtu kachora na brashi. Hiyo ni kesi nyingine, raba na grisi tu kama umewahi. Ya kahawia au nyeusi nyepesi ni oili ya injini, na kwenye magari haya inaweza kutambaa kutoka kava ya valvu mpaka kwenye gia boksi bila haya. Na kama gari ina stelingi ya haidroliki nenda kaangalie na chupa yake, maana nyingi zinatumia oili nyekundu ileile, rangi peke yake haitakuambia.

Tuseme ni ya gia boksi kweli. Basi cha pili ni levo, yani kiasi cha oili kilichomo, na hii ifanye leo leo, usisubiri fundi. Premio yako ya umbo lile la 2001 mpaka 2007 yenye gia nne ina stiki ya kupimia oili ya gia boksi. Endesha gari dakika ishirini hivi mpaka ipate moto, paki sehemu tambarare, injini iache inanguruma, kanyaga breki, peleka gia taratibu kutoka P mpaka ya mwisho kisha rudisha P, ndo uchomoe stiki, ufute na kitambaa kisichotoa nyuzi, uingize tena mpaka mwisho, uchomoe usome. Stiki ina sehemu mbili, ya baridi na ya moto, we soma ile ya moto. Watu wengi wanapima gari ikiwa ya baridi huku wanasoma alama ya moto alafu wanajaza, gia boksi inazidishwa, na gia boksi iliyozidishwa oili inatoa povu na inaanza kuvujisha hata sehemu ambazo zilikuwa nzima. Kwahiyo kama kuna mtu alishakuongezea hivi karibuni "kwa usalama", mkumbuke.

Ikiwa levo ipo chini ya alama ya moto ongeza kidogo kidogo kwa kutumia mpira na kifaneli, aina ileile, nitakuambia aina gani mbele. Na kama stiki haioneshi chochote kabisa basi gari isitembee, ibebwe, au ivutwe matairi ya mbele yakiwa yamenyanyuliwa.

Cha tatu, usafi. Hapa ndo mafundi wengi wanakosa subira. Mwambie fundi aoshe eneo lote la gia boksi upande ule, kuanzia juu kwenye betri mpaka chini kwenye sampu (lile bakuli la bati la oili chini ya gia boksi), kwa dawa ya kutoa grisi au petroli kidogo na brashi (injini ikiwa ya baridi tafadhali, na sigara iwe mbali), alafu apulize na upepo pakauke. Kama kuna kava ya plastiki chini iondoeni, hiyo inakusanya oili na kuidondosha sehemu tofauti kabisa na inapotoka. Kisha apake unga wa mtoto, poda ile ya kawaida, kwenye maeneo makavu. Unacheka, ila hii ni mbinu ya siku nyingi, poda inageuka nyekundu pale pale oili inapopita na unaona njia yake kama mto kwenye ramani. Endesha kilomita ishirini thelathini, ukate kona za kutosha, rudi, inueni gari, angalieni na tochi. Mnachotafuta ni sehemu ya JUU kabisa iliyolowa na ya MBELE kabisa iliyolowa. Sio penye oili nyingi.

Kuhusu kuinua gari nasema mara moja tu: jeki ni ya kunyanyulia, sio ya kulalia chini yake. Stendi mbili, jiwe nyuma ya matairi ya nyuma, handbreki juu. Nimezika rafiki kwa hii.

Sasa mkishachungulia, kuna mambo kadhaa yaliyo juu au jirani ya hiyo shafti yanayoweza kukudanganya. Kuna mipira miwili inayopeleka oili ya gia boksi kwenye rejeta ikapoe, ipo mbele, na raba ikizeeka inapasuka pasuka mdomoni kwenye klipu, oili inashuka juu ya gia boksi mpaka kwenye shafti. Kuna sensa za spidi zenye oringi, oringi ikikauka inalia jasho. Kuna mhimili wa kile chuma kinachovutwa na kebo ya gia, nao una kasili kadogo. Kuna gasketi ya sampu, hii huwa inalowesha ukingo wote wa sampu, na mara nyingi ni mtu aliyebadilisha filta akakaza nati kwa nguvu zote mpaka sampu ikajikunja, sampu za bati hazitaki ubabe. Kuna nati ya kumwagia oili na washa yake. Na kuna ile mbaya, oili inayotokea pale injini na gia boksi zinapobanana, chini kabisa kwenye kitundu, ikiwa nyekundu hapo basi ni sili ya mbele ya gia boksi kwenye toki konveta (kile kinachounganisha injini na gia boksi), na hiyo pekee kati ya zote nilizotaja ndo inayomfanya fundi wako wa pili awe na haki ya kusema gia boksi ishuke. Na ikiwa pale pale inatoka oili nyeusi ni sili ya nyuma ya injini, nayo gia boksi inashuka pia. Mengine yote yanatengenezwa gia boksi ikiwa palepale ilipo.

Kwa maelezo yako, doa la upande wa kushoto pale shafti inapoingia, mi binafsi naweka shilingi yangu kwenye sili ya shafti. Gari yako difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili, ipo ndani ya gia boksi, zinatumia oili moja, na shafti zote mbili zinaingia humo kila moja ikiwa na sili yake ya raba. Sili yenyewe haina bei kubwa. Ila swali langu kwa fundi huwa ni moja, sili hii imeuliwa na nani? Maana wakati mwingine ni umri tu, raba inapata moto miaka ishirini inakuwa ngumu kama plastiki ya ndoo, haina la kujadili, unaweka mpya maisha yanaendelea. Ila kama ilibadilishwa mwaka jana na inavuja tena, hiyo haijafa, imeuliwa.

Niliwahi kuwa na Spacio ya mzee mmoja, tumebadilisha sili ya kushoto mara tatu ndani ya miezi minne, mara ya tatu nimenunua original kwa hela yangu kwa aibu. Inakaa wiki mbili kavu alafu inaanza jasho, wiki ya tatu tone. Mara ya nne nikaitoa shafti nikakaa nayo kwenye kivuli, nikafuta ile shingo inayong'aa, pale mdomo wa sili unapokaa, kwa macho naona chuma safi kabisa inawaka. Nikapitisha ukucha wa dole gumba taratibu kwa urefu. Tik. Ukucha unaingia kwenye mfereji mwembamba kama uzi, umezunguka shafti nzima. Sili iliyokauka pamoja na mchanga ilikuwa imekula chuma miaka na miaka, na kila sili mpya niliyoweka mdomo wake unakaa palepale kwenye mfereji. Kwahiyo na wewe mwambie fundi apitishe ukucha mbele yako. Ukinasa, kuna njia mbili, kuweka shafti nyingine, au kwa fundi mwenye mkono kuikalisha sili mpya tofauti kidogo, mil moja hivi, ili mdomo ukae kwenye chuma kizima. Na hapo ndo utaona kichekesho, fundi wako wa kwanza aliyesema ununue shafti anaweza kuwa amepatia, ila kwa kubahatisha.

Muuaji wa pili ni beringi ya difu. Kabla shafti haijatolewa, gari ikiwa juu, fundi ashike ile jointi ya ndani karibu kabisa na gia boksi aisukume juu na chini. Kidogo sana kucheza ni kawaida, inatakiwa hivyo, ila ikiwa inagonga na unaona sili inabonyea upande mmoja na oili inatoka kila akisukuma, basi beringi imelegea na hakuna sili duniani itakayokaa hapo. Linganisha na upande wa kulia, ndo kipimo rahisi. Hapo kazi inakuwa kubwa kweli na mtazungumza lugha nyingine.

Wa tatu wengi hawamjui kabisa, ni tundu la kupumulia. Gia boksi ikipata moto hewa ndani inatanuka, inatokea kwenye kitundu kidogo juu chenye kakofia au kampira. Ikiziba kwa tope au mtu akipulizia maji ya presha na vumbi likaganda, presha inatafuta njia, na njia rahisi ni kwenye midomo ya sili. Ukiona sili za kushoto na kulia zimeanza kuvuja kwa wakati mmoja, usinunue sili, tafuta kwanza hicho kitundu ukisafishe. Hii ni dakika tano na haina gharama, sijui kwa nini inasahaulika hivi.

Haya, ikiwa imefika kubadilisha sili, simama pale uangalie, fundi mzuri hachukii. Oili itamwagika shafti ikitoka, aweke beseni safi, aipime kwa chupa ili irudi kiasi kilekile kama kianzio, alafu mnapima na stiki. Atafungua nati ya habu, atatenganisha bolo jointi ya chini, habu inasogea nje. Sasa hapa mwangalie: kuitoa shafti kwenye gia boksi anatakiwa aweke nondo au bisibisi pana kati ya jointi ya ndani na gia boksi, asukume kwa kushtua. Akishika katikati ya shafti na kuvuta kama anavuta ng'ombe, jointi ya ndani inachomoka ndani ya raba yake, na kesho unarudi na mlio mpya ambao haukuwepo. Ncha ya shafti ina kilipu ya duara, iwekwe mpya, ni kitu cha hela ndogo sana.

Sili ya zamani kabla haijang'olewa apime imezama kiasi gani, na mpya ikae hivyohivyo isipokuwa kwa ile kesi ya mfereji. Igongwe na bomba au soketi pana inayolingana na ukingo wake, taratibu pande zote, sio na nyundo upande huu alafu ule. Asipake silikoni kwenye mdomo wa sili, narudia, mdomo unataka oili ya gia boksi tu. Sili ya kushoto na kulia kwenye gari nyingi hazifanani, mwende na namba ya chesesi dukani au mbebe ile ya zamani mkononi, pale Kariakoo watakupa inayofanana kwa macho na ukifika nyumbani haifanani. Na wakati wa kurudisha shafti ndo sili mpya nyingi zinapouawa, meno ya ncha ya shafti yanachana ule mdomo laini kama haikuingizwa imenyooka. Yani imebebwa mkononi mpaka imepita, kisha inasukumwa mpaka kilipu inalia, na akivuta jointi kwa mkono isitoke.

Oili. Gari yako inatumia ATF (yani hiyo oili ya gia boksi otomatiki) Type T-IV ya Toyota au ya kampuni nyingine iliyoandikwa wazi kuwa inafaa kwa T-IV. Isome hata kwenye stiki, mara nyingi imechapwa hapo. Usichanganye na Dexron, aina nyingine ya ATF, eti kwa sababu zote ni nyekundu, na usinunue ya kupima kwenye dramu. Kwa wanaosoma wenye Premio ya umbo jipya la 2007 kuendelea, nyingi zenu ni CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, oili yake ni nyingine kabisa, ukimwagia T-IV umeiua mwenyewe. Na Toyota baadhi za zamani kabisa difu ina chumba chake na oili yake hata kama ni otomatiki, kwahiyo sili ya shafti ikivuja stiki inaonesha gia boksi imejaa kumbe difu inakauka. Mwenye gari ya namna hiyo afungue nati ya difu apime kwa kidole.

Zile dawa za kuzibia uvujaji za chupa mi sizipendi. Zinavimbisha raba, unapata miezi, alafu sili zinaweza kulegea.

Waliouliza kuhusu Noah old model na Hiace, zenu injini inaendesha matairi ya nyuma, kwahiyo ukiona oili nyuma ya gia boksi pale propela inapoingia, na mstari wa oili umerushwa kwenye sakafu ya gari juu ya propela, ni sili ya mkia. Ila tikisa propela kwanza juu na chini, bushi ya mkia ikiwa imekwisha au krosi imekufa, au maunti ya gia boksi imekatika, sili mpya itachukua mwezi tu.

Sasa Iringa. Tone moja au mawili kwa usiku, levo ipo sawa, gari inaingia gia bila kuchelewa, mjini hapo Moro unaweza kutembea huku unapima stiki kila siku mbili tatu. Lakini mlima Kitonga wa njia ya Iringa hapana. Ule mlima gari imejaa watoto na mizigo, gia ya chini muda mrefu, oili inachemka, nyepesi zaidi, presha juu, tone linageuka kuwa mchirizi, na oili ikipungua gia boksi inaanza kuteleza, raundi zinapanda gari haiendi, na ikifika hapo zile sahani za ndani zinaungua kwa dakika chache tu. Ulichokuwa unakirekebisha kwa sili kinakuwa gia boksi ya mtumba. Dalili za kukusimamisha hata kesho asubuhi ni hizo: ukiweka D inachelewa kushika, inateleza ukikata kona au kupanda, harufu ya kuungua, au doa limekuwa kubwa kuliko sahani.

Una wiki tatu kabla ya safari, zinatosha. Usiku wa leo laza boksi, kesho pima stiki, Jumamosi osha na poda. Alafu nitumie picha, ya boksi na ya eneo lenye poda likiwa na mwanga wa kutosha, sio ya fundi amelala chini miguu nje, hiyo nimeletewa mara nyingi na haijawahi kunisaidia.